Guracha Hakumla Mtu Mkono

Mwezi uliopita kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alimwogesha mtoto wa mbwa kwa dawa ya kupe, na upepo ukaniletea harufu yake barazani. Ilikuwa harufu ya josho: kali, yenye mafuta, inayong'ang'ania kooni hata ukinywa chai mara mbili. Nikatwaa mkongojo wangu, nikaenda kumwambia amwogeshee mbwa wake mbali na tangi la maji. Badala ya kusikilizwa, nikapewa mhadhara.

"Mzee, hii si mbwa ya kawaida. Hii ni Jamani, damu safi. Baba yake iko na karatasi Nairobi." Akampanua kinywa mnyama yule. "Ona hapa juu. Nyeusi. Hiyo ndiyo huonyesha ni kali."

Nikamuuliza ni nani aliyewahi kupima ukali kwa rangi ya kaakaa. Akasema kila mtu anajua. Nikamweleza, kwa utulivu ambao sikuwa nao, kwamba mbwa wa Kijerumani ni jamii changa. Kwamba mwanajeshi mmoja wa huko aliiunda kwa kuwakusanya mbwa wa wachungaji wa kondoo, babu yangu akiwa tayari na ndevu zake. Na kwamba hiyo anayoiita damu safi ilianzia kwa mbwa wa malishoni ambao hawakuwa na karatasi yoyote. Akacheka kwa adabu, kama vijana wanavyotucheka siku hizi. Ameona kwenye simu, alisema, kwamba jeshini waliwachanganya na mbwa mwitu. Kisha, ili kunifurahisha, akaongeza: "Hata hapa Isiolo zamani kulikuwa na mbwa ya mama mmoja Msomali, koko tu, ilikula mkono ya Mzungu kwa uwanja. Mpaka kwa kiwiko! Babu yangu alikuwa hapo."

Babu yake hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Mama huyo alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, na mkono huo niliuona kwa macho yangu ukiwa mzima, na vidole vyake vyote vitano, ukimimina chai saa moja baadaye. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi uongo unavyozeeka katika mji huu: hauoti mvi, hunenepa tu. Basi nitaandika kilichotokea, na sitaandika jambo ambalo sikuliona au sikulisikia mwenyewe.

Shangazi yangu aliitwa Halima, nasi tulimwita Eddo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mbuzi wapatao arobaini na nyumba ya udongo mwisho wa mji, upande wa barabara iendayo Ngaremara. Zaidi ya nyumba yake palikuwa na miiba na fisi. Mwanamke mmoja na mbuzi arobaini hawalali salama mahali hapo, kwa hiyo alinunua mtoto wa mbwa kwa mfugaji Mborana aliyekuja mnadani kutoka upande wa Garbatulla. Alimleta nyumbani ndani ya gunia, akamwita kwa jina ambalo muuzaji alikuwa tayari amempa: Guracha, yaani mweusi.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo majirani zetu kutoka bara, waliokuwa na maduka na kazi za serikali, hawakulielewa kamwe. Katika madhehebu yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakikugusa, unaosha mahali hapo mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Dini haikatazi mbwa wa mifugo wala wa windo. Watu wengi wa mtaa wetu walikuwa hawajasoma kufika hapo. Eddo, aliyekuwa haachi sala hata moja, alilitatua jambo hilo kwa njia yake. Alimfunza Guracha bila kumgusa.

Sijaona tena mafunzo ya namna hiyo, wala sijayasoma, na nimesoma mengi. Hakumvisha kamba. Hakumpapasa. Hakumlisha kwa mkono. Chakula alikiweka juu ya jiwe bapa, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Kila alichomfundisha alimfundisha kwa fimbo ndefu ya mchungaji, ambayo haikumpiga hata siku moja. Fimbo ikilazwa hewani, mbwa analala chini. Ikisimikwa ardhini, anabaki alipo hata mbuzi wakimruka. Ikizungushwa, anakwenda nyuma ya kundi. Ikiegemezwa begani, anakuja. Nimemwona Eddo akisimama upande huu wa korongo na Guracha upande wa pili, wakiongea kwa fimbo ile kama watu wawili wasiohitaji kupaza sauti.

Aliyemgusa ni mimi. Sikuwa nimetimiza miaka kumi. Baada ya chuo cha Kurani nilitumwa kumpelekea Eddo sukari au majani ya chai, na nilipomkuta hayupo nilikaa na Guracha nyuma ya zizi. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono, naye akarudi nyuma akitetemeka midomo. Nikaja tena. Nikaja siku nyingi. Hatimaye alikuja mwenyewe, akaegemeza kichwa chake gotini mwangu kwa uzito wote, nami nikaweka kiganja mgongoni mwake, penye manyoya yenye joto na harufu ya josho, kwa sababu Eddo alimpitisha joshoni pamoja na mbuzi. Moyo wake ulidunda chini ya kiganja changu. Baadaye nilikimbia mtoni, nikaosha mara saba. Wakati mwingine niliosha mara kumi na nne, kwa hofu kwamba nimehesabu vibaya.

Mtaa ulianza kunung'unika. Mbwa amepita karibu na msikiti. Mbwa amelamba ndoo ya fulani. Nani aliona? Hakuna aliyeona, kila mmoja alikuwa ameambiwa. Manung'uniko yalimfikia baba yangu, aliyekuwa na lori na aliyekuwa mmoja wa wazee wa msikiti, mtu aliyeogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa kufilisika. Alikwenda kwa dada yake, nami nikiwa nyuma yake.

"Halima, mbwa huyu aondoke."

"Aondoke aende wapi? Ana kazi."

"Watu wanasema ni mbwa tu."

"Watu walale zizini kwangu basi, wabweke wao."

Mwalimu wa chuo, mzee mkali lakini msomi, ndiye aliyewatenganisha. Alisema mbwa aliyefunzwa ana hukumu yake na mbwa asiyefunzwa ana yake, na kwamba atakayethibitisha kuwa huyu amefunzwa asiwe Halima wala jirani yake. Wakati huo Wazungu walikuwa bado wapo, ingawa walishaanza kuuza fanicha zao, na maonyesho ya mifugo yalikuwa yakija. Mwaka ule mashindano ya utii wa mbwa yalifunguliwa kwa watu wote. Wazee wakakubaliana: Guracha apelekwe huko. Mwamuzi akimpa cheti, atabaki na mtaa utafunga mdomo. Akikosa, baba yangu atamwondoa siku hiyohiyo. Eddo aliwatazama wote. "Sawa," alisema. "Nendeni mkakae mbele, msije mkasema mlisimuliwa."

Siku ya maonyesho uwanja ulijaa. Washindani walitoka mashamba ya Wazungu ya Timau na Nanyuki: mbwa wa Kijerumani wawili, Labrador mnene wa rangi ya chai ya maziwa, na mbwa mkubwa mwekundu mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Mwenye huyo mwekundu alijisifu kwamba jamii hiyo ilitengenezwa na Wazungu wa kusini mwa Afrika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mstari ule wa mgongoni ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, walioufuga kabla Mzungu yeyote hajatia mguu huko. Lakini siku ile nani angemwambia?

Mezani alikaa sajini wa polisi, Mkamba mrefu, aliyewahi kufunza mbwa wa kufuata wezi wa mifugo. Alijaza fomu.

"Mama, hii mbwa iko kabila gani?"

"Ni mbwa," alisema Eddo.

"Najua ni mbwa. Serikali inataka kabila yake. Na asili yake."

"Basi mwandike na mimi pamoja naye. Babu yangu alikuja kama askari wa jeshi la Wazungu, na mpaka leo serikali haijajua iniandike wapi."

Watu waliosimama karibu walicheka, hata sajini. Aliuma kalamu yake, kisha akaandika: mbwa wa mbuzi. "Ingia, mama. Kabila tutajaza baadaye."

Mwamuzi alikuwa Mzungu mzee, daktari wa wanyama aliyestaafu, aliyevaa koti zito juani. Nitamtendea haki, kwa sababu wengine hawakumtendea. Sajini alipomwambia kwamba mbwa huyu hana kamba, alijibu kwamba asiye na kamba ana kazi ngumu zaidi, basi na aendelee. Guracha alitembea kando ya Eddo kuzunguka uwanja mzima, umbali uleule wa hatua moja, akigeuka alipogeuka. Fimbo ilisimikwa, akabaki. Eddo akaenda hatua thelathini, akampa mgongo. Mbuzi wa mtu alikatika kamba akapita mbele ya pua yake. Mmoja wa mbwa wa Kijerumani alimkimbiza mbuzi huyo hadi kwenye hema la chai, na Labrador akamfuata kwa furaha. Guracha aligeuza masikio tu. Fimbo ikaegemezwa begani. Akaja mbio, akaketi. Hapo uwanja ulilipuka kwa vifijo, na nikamwona baba yangu, ambaye hakuwahi kusifu kitu bila bei yake, akinyanyuka nusu kutoka kitini.

Likabaki zoezi moja. Mbwa asimame imara wakati mwamuzi anampapasa kichwa, mgongo na miguu. Kwa mbwa wa nyumba za Wazungu hilo ni mchezo. Eddo hakuwa amelisikia kabisa. Nilimwona akimsikiliza sajini, kisha akiishika fimbo kwa mikono miwili.

"Mwambie hajawahi kuguswa."

"Hajawahi na nani?"

"Na mtu yeyote. Tangu gunia."

Sajini akatafsiri. Mwamuzi akavua kofia, akafikiri. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa la mtu muungwana, na sajini akalitangaza kwa sauti yake ya gwaride: "Bwana anasema hivi! Kama kuna mtu yeyote hapa amewahi kushika hii mbwa, akuje aishike kichwa, yeye atapapasa pole pole. Kuna mtu?"

Sasa nisikilizeni ninyi mliokuwa watoto wakati ule, maana vijana hawataelewa. Wiki chache kabla ya hapo askari walikuwa wamewachovya wanaume wa mtaani vidole katika wino ili kuchukua alama zao, na kaka mmoja mkubwa chuoni alikuwa ametueleza kwamba serikali inaweza kusoma jina la mtu kwenye kitu chochote alichokigusa. Nilimwamini, kwa sababu ya ukubwa wake. Nilipomwona Mzungu yule akikunja mikono ya koti lake na kumwendea Guracha, niliamini kwamba kazi yake ilikuwa kusoma manyoya. Angepitisha vidole mgongoni, angekuta viganja vyangu, na jina langu lingetangazwa mbele ya baba yangu, mbele ya mwalimu, mbele ya msikiti wote: mtoto najisi, ambaye miezi yote hiyo ameswali kwa mikono ya mbwa. Na lile swali la sajini? Mtego. Ndivyo polisi wanavyowakamata wezi, nilijiambia; wanauliza kwa upole.

Nikajikunja nyuma ya kanzu ya baba yangu. Guracha alikuwa akinitazama mimi. Aliujua upande niliokaa.

"Kuna mtu?" sajini aliuliza tena. Eddo aligeuza uso wake taratibu, akaupitisha kwenye safu za watu kutoka mwisho hadi mwisho.

Nikaishika kanzu kwa mikono miwili.

Mwamuzi alinyoosha mkono. Guracha alirudi hatua moja; fimbo ikasimikwa, akasimama. Mkono ukamgusa kichwani. Alitetemeka mwili mzima, naye akavumilia. Nasema alivumilia, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba alikuwa mkali. Mkono ukateremka shingoni, ukashika ngozi, na mwamuzi akainama juu yake kiasi kwamba kivuli cha koti kikamfunika. Ndipo alipogeuka na kubana kwa meno pindo la mkono wa koti. Kifungo kilikatika. Eddo alilaza fimbo hewani kabla kifungo hakijatua, na Guracha akalala chini.

Hayo ndiyo yote. Damu haikutoka. Mwamuzi alipandisha mkono wa shati na kuuonyesha umati kifundo chake cheupe, akisema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hapana kitu! Hapana kitu!" Lakini watu walikuwa na masikio ya kitu kingine. Walioketi nyuma, ambao hawakuona lolote isipokuwa migongo ya walio mbele, walipiga kelele kwamba amekula mkono. Waliokuwa nyuma yao zaidi wakasikia kwamba amekula mkono na kwamba anatoa povu. Mtu akatamka neno kichaa. Watoto wakakanyagwa. Afisa mmoja wa serikali, aliyekuwa akinywa chai hemani muda wote huo, alitoka akauliza kuna nini, akaambiwa na mtu aliyekuwa ameambiwa.

Daktari yule alimweleza utaratibu. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa hufungiwa na kutazamwa siku kumi. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule na ndivyo ilivyo sasa. Siku kumi tu! Afisa alijibu kwamba hana siku kumi, ana uwanja wenye watu elfu wanaokimbia. Akaamuru apigwe risasi. Baba yangu, mzee wa msikiti, mwenye lori, mwenye kauli, aliyekuwa ameona kila kitu kutoka safu ya kwanza, alifungua mdomo na kuufunga. Nilikuwa nimeshika kanzu yake. Nilihisi pumzi ikimpanda na kumshuka. Miaka mingi nilimchukia kwa pumzi ile. Nilikuwa na haki gani?

Sajini alikuja na bunduki, akasimama mbali. "Mama, tutaifunga namna gani?"

"Hafungwi," alisema Eddo. "Niambie unamtaka wapi."

Walikwenda nyuma ya mazizi ya maonyesho, Guracha akitembea kando yake kwa umbali uleule wa hatua moja. Nilifuata kwa kupenya chini ya mbao. Eddo alilaza fimbo, mbwa akalala. Aliisimika ardhini, akaiacha hapo imesimama, akaondoka. Hatua thelathini, nilizihesabu. Akampa mgongo.

"Nisamehe, mama," sajini alisema.

"Fanya upesi. Hajui kuinuka kabla sijamwambia."

Hakuinuka.

Mtaa ulifurahi, kisha ukaona haya, kisha ukatunga hadithi ili usione haya. Kufikia Ijumaa mkono wa daktari ulikuwa umekatwa Nanyuki. Kufikia mwisho wa mwezi daktari mwenyewe alikuwa amezikwa, ingawa baba yangu alikuwa amempita njiani akiendesha gari lake. Fisi, ambao hawasikilizi uvumi, walikuja zizini kwa Eddo katika juma lile lile. Mvua zilipofika alikuwa na mbuzi tisa. Akawauza, akahamia kwenye chumba cha stoo nyumbani kwetu, yeye ambaye hakuwahi kula chakula cha mtu.

Niliibeba siri yangu shuleni, nikaibeba chuo kikuu. Niliporudi na shahada yangu, nilikwenda stoo kumsalimu. Alikuwa amekaa chini akifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi. Nikamwambia yote: nyuma ya zizi, kiganja, mto, wino wa polisi. Nilisema kwa lugha nzuri, kama mtu aliyesoma. Hakuacha kazi yake.

"Warya, kijana," alisema, "mbwa ambaye hajaguswa hatikisi mkia kwa hatua za mtoto. Nilijua tangu mwezi wa kwanza."

"Ulijua siku ile uwanjani?"

"Nilikuwa nakutafuta kwa macho. Nikakuona umeshika kanzu."

Hasira ilinipanda, na sioni aibu kusema kwamba ilimwelekea yeye. Sauti yangu ilijaa stoo nzima. "Kwa nini hukuniita? Ungeniita ningekuja! Ungesema jina langu tu!"

Aliinua kibuyu, akachungulia ndani yake, akapuliza majivu.

"Mbwa ndiye huitwa," alisema. "Mtu huinuka mwenyewe."

Kisha akanyoosha kidole kuelekea makaa yaliyokuwa karibu na mguu wangu. Nikamsogezea.